Tarw, mchimba makaa mwenye walifungia mchezo

Ndugu wa shimo, na nyinyi wa nyumbani, leo tunawaletea habari ya mtu mmoja mwenye alikufa zamani, mwaka 1933. Jina lake David Jones, watu walimuita Dai. Kwao ni Wales, inchi ndogo yenye milima, upande wa magharibi wa Uingereza. Kule watu wenye jina la Jones ni wengi sawa majani, kwa hiyo kila mmoja anapewa jina la pembeni. Yeye walimpa jina Tarw, njo kusema ng'ombe dume kwa luga yao. Mwili alikuwa nao: urefu kupita mita 1,80, uzito karibu kilo 100, na kwa wakati ule watu kama hao hawakuwa wengi. Lakini hatumuandike juu ya mwili wake. Tunamuandika juu alikuwa mchimba makaa, akachezea taifa lake mara 13, kisha siku wakubwa wa mchezo walipoona kama watu wa ekipe yake wanapokea franga, wakamfungia mlango.

Mchezo wenyewe ni rugbi. Wengi wetu tunauona paka kwenye televizyo, wakati wa mechi za Wafaransa. Mpira si duara, ni mrefu kama papai. Mtu anaubeba mikononi, anakimbia nao, na kuupitisha kwa mkono ni kwa nyuma tu, hapana mbele. Kazi ni kuufikisha nyuma ya mstari wa wapinzani na kuuweka chini. Wakati wa Tarw, kuuweka chini vile kulileta pointi tatu. Watu wa mbele wanashikana mabega, vichwa chini, wanasukumana na wale wa upande mwingine. Pale mbele njo ilikuwa nafasi ya Tarw. Mtu mwenye kushinda juma zima akivunja makaa amepiga magoti, kusukuma mtu mwingine siku ya Jumamosi haimshangaze.

Alizaliwa mwaka 1881, akakulia katika mabonde ya makaa ya Wales ya kusini. Mchezo alianza kujulikana nao Treherbert, juu kabisa ya bonde la Rhondda, baadaye akawa mtu wa Aberdare, bonde la pili. Mabonde yale ni membamba. Chini mto na njia ya reli, juu nyumba zimepangwa mistari, na kila pembe kuna shimo la makaa. Vijana waliingia chini wakiwa na miaka 12 ao 13. Mkata makaa alilipwa kwa tani, si kwa siku, na kipande cha jiwe kikichanganyika na makaa kinakatwa kwenye malipo yake. Mahali pa kuoga kwenye shimo hapakuwa. Mtu alirudi nyumbani mweusi, bibi amekwisha kuchemsha maji, anaoga ndani ya beseni kubwa mbele ya moto na watoto wanaangalia. Mama zetu wenye kusoma hii wanajua nani anabeba kazi ile.

Tarw alipokuwa na miaka 17, mwaka 1898, kumpani za makaa zilifunga milango kwa wafanyakazi. Mambo yalikuwa ya mshahara: ulikuwa umefungwa kwenye bei ya makaa sokoni, bei ikishuka na mshahara unashuka, na wachimbaji walikataa. Walikaa bila kazi kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa. Njaa ikawashinda. Waliporudi, walikuta hata siku yao moja ya mapumziko kila mwezi, yenye walikuwa nayo miaka kumi, imeondolewa. Lakini mwezi wa kumi mwaka uleule walianzisha sendika moja kubwa ya mabonde yote, yenye kuunganisha vikundi vilivyokuwa vidogovidogo. Sisi tunaofanya kazi ya sendika tunaifahamu hadisi hiyo: mara nyingi sendika inazaliwa kesho yake ya kushindwa, hapana siku ya kushinda.

Sasa tuje kwa franga, maana bila hiyo maisha ya Tarw hayaeleweki. Rugbi ilianzia katika shule za watoto wa matajiri Uingereza. Wakubwa wake waliweka sheria: hakuna kulipwa, mtu acheze kwa furaha tu. Kwa mtoto wa tajiri sheria hiyo haiumi. Lakini mchezo uliposhuka kwa wachimbaji na watu wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, shida ikaonekana. Jumamosi ni siku ya kazi. Mtu akiondoka shimoni mapema ili apande treni kwenda kucheza, kapita anamkata siku. Klabu za kaskazini ziliomba jambo dogo tu: walipie mchezaji ile siku yenye amepoteza. Mwaka 1893 wakubwa walipiga kura, 282 wakakataa, 136 wakakubali. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Agosti 1895, klabu za kaskazini zilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, wakajitenga wakaunda umoja wao. Walianza kulipa shilingi sita kwa siku ya kazi iliyopotea. Tangu siku ile rugbi ikawa mbili.

Tunasimama hapa kidogo. Mwenzetu mmoja, miaka iliyopita, alikatwa siku mbili juu ya kwenda kucheza mpira wa miguu kwa ekipe ya mtaa wa kazi, na ekipe hiyo ilivaa jezi yenye jina la kumpani ileile yenye kumkata. Alipouliza, waliambia yeye kama mchezo ni mambo yake binafsi. Kombe walilichukua, likawekwa ndani ya biro ya mkubwa. Kwa hiyo tukisoma mambo ya 1893, hatuone kama ni ya mbali.

Wales yenyewe haikujitenga. Ilibaki na wakubwa wa zamani, lakini ilifumba jicho moja. Watu wote walijua kama baada ya mechi mchezaji anaweza kukuta sarafu ndani ya viatu vyake. Na mwaka 1897 watu wa Wales walichanga franga, wakamnunulia nahodha wao Arthur Gould nyumba nzima, wakampa karatasi zake katika sherehe kubwa mjini Cardiff. Wakubwa wa inchi zingine walipiga kelele, Wales ikatoka katika baraza lao kwa muda, kisha mwaka uliofuata mambo yakatengenezwa. Gould hakufungiwa. Mushike ile nyumba kichwani, tutairudilia.

Tarw alivaa jezi nyekundu ya taifa mara ya kwanza mwezi wa kwanza 1902, kule Blackheath karibu na London. Wales ilishinda Uingereza 9 kwa 8. Mwaka uleule ikashinda Uskoti 14 kwa 5 na Ayalandi 15 kwa 0, yaani majirani wote watatu. Mwaka 1905 ikawashinda tena wote. Malipo ya mchezaji wa taifa yalikuwa kofia moja ya kitambaa kizuri, hata leo kule wanahesabu mechi za mtu kwa kofia.

Mwaka uleule wa 1905 haukuwa mwaka wa furaha katika mabonde. Mwezi wa saba, shimo la Wattstown katika Rhondda lililipuka, likaua wachimbaji zaidi ya 110, wengine watoto bado. Na mwisho wa mwaka ikafika ekipe ya New Zealand, ile ya jezi nyeusi. Walikuwa wamezunguka visiwa vyote vya Uingereza tangu mwezi wa tisa, wakicheza kila juma, na hakuna mtu aliyewashinda. Uingereza, Uskoti, Ayalandi, wote walianguka. Ilibaki Wales.

Tarehe 16 Desemba 1905, uwanja wa Cardiff ulijaa watu karibu 47.000. Treni zilishuka kutoka kila bonde. Wageni walicheza dansi yao ya vita, na watu wa Wales wakajibu kwa kuimba wimbo wa taifa lao, uwanja mzima. Ndani ya ekipe ya Wales kulikuwa daktari, Teddy Morgan, kulikuwa watu wa kiwanda cha chuma kama Dicky Owen, na kulikuwa Tarw wa makaa. Wales walikuwa wamefanya mazoezi kwa siri ya kuwachanganya wageni. Wageni walisukuma na watu saba mbele, Wales nao wakaweka saba, mtu wa nane wakamtoa kwenda nyuma kusaidia. Owen akakimbia upande mmoja, wageni wote wakamfuata, akarudisha mpira upande mwingine, ukapita mkono kwa mkono mpaka kwa Morgan, akaenda kuuweka pembeni. Tatu kwa sifuri. Kipindi cha pili mgeni mmoja, Bob Deans, alisema alifikisha mpira nyuma ya mstari, mwamuzi akakataa, na mabishano hayo hayajaisha mpaka leo. Sisi hatuna neno, hatukuwa pale.

Morgan njo anakumbukwa. Ni haki yake. Lakini mpira haufike kwa mkimbiaji bila watu saba wenye kuweka shingo yao pale mbele mechi nzima, na mmoja wao alikuwa Tarw. New Zealand walicheza mechi 35 katika safari ile, pamoja na ile ya Paris tarehe 1 Januari 1906, mechi ya kwanza ya taifa la Ufaransa. Walipoteza moja tu, hiyo ya Cardiff.

Desemba 1906 Afrika Kusini walikuja Swansea wakashinda Wales 11 kwa 0. Tarw alikuwa ndani, na ilikuwa mara ya mwisho. Mwaka 1907 maneno yalitoka kama klabu ya Aberdare inalipa wachezaji. Wakubwa wa mchezo wa Wales, walewale wa sarafu ndani ya viatu, walifanya uchunguzi. Wakafungia viongozi wa klabu na wachezaji. Tarw alifungiwa kwa maisha. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu nyumba ya Gould. Hatuseme kama Tarw hakupokea. Tunasema tu kama wenye kupokea walikuwa wengi, na mchimba makaa njo alilipia.

Hakukaa kulia. Alivuka kwa upande wa pili, ile rugbi ya Huddersfield, kwa klabu ya Merthyr Tydfil, wenye kulipa wazi. Wakati huo New Zealand nako kulikuwa kumepasuka. Kijana mmoja karani wa posta, Albert Baskerville, alikusanya wachezaji, kila mmoja akatoa paundi 50 zake, wakaja Uingereza kucheza kwa malipo. Mechi ya kwanza ya taifa kwa taifa katika rugbi hiyo ilichezwa tarehe 1 Januari 1908. Na waliichezea wapi? Aberdare, mji wa Tarw, mji wenye kufungiwa.

Wageni walikuwa na pointi 8. Mwishomwisho Tarw, mtu wa mbele, mwenye kazi yake ni kusukuma, alipata mpira akauweka nyuma ya mstari. Tisa kwa nane. Alikuwa ameshinda New Zealand katika rugbi zote mbili, na safari hii watu wa shimo lake walikuwa kando ya uwanja wakiona kwa macho yao.

Klabu zingine za mabonde zilijaribu kufuata njia ile, Aberdare na Treherbert pamoja nazo, lakini hazikudumu. Franga ya kiingilio inatoka mfukoni mwa mchimbaji, na kukiwa mgomo ao kazi kidogo, uwanja unabaki mtupu. Kisha vita ya 1914 ikaja. Tarw aliingia jeshini, katika kikosi cha Welsh Guards, akapigana Ufaransa, akarudi na jeraha. Alikufa mwezi wa kwanza 1933, hajatimiza miaka 52.

Ile sheria ya kutolipwa wakubwa wa rugbi waliitunza muda mrefu baada yake. Waliiondoa Agosti 1995, miaka mia kamili baada ya mkutano wa Huddersfield.