Nahodha Charles Martell na uvimbe uliojificha kifuani

Mtu anaondoka Kisarawe akiwa na maumivu ya mifupa. Anapewa dawa za kutuliza maumivu, anapata nafuu kidogo, kisha maumivu yanarudi. Anafika Kibaha na kuanza maelezo upya. Ugonjwa ukiwa wa nadra, safari kama hiyo inaweza kuchukua miaka. Leo tunawasimulia maisha ya Charles Martell, nahodha Mmarekani ambaye madaktari wa homoni wanamkumbuka hadi sasa.

Martell alifanya kazi katika meli za biashara. Mwaka 1918 alikuwa kijana wa miaka 22, mwenye nguvu, na urefu wa sentimita 185 hivi. Baada ya hapo mwili ukaanza kubadilika. Mifupa iliuma na kuvunjika kwa ajali ndogo tu. Mgongo ulipinda, shingo ikafupika, kifua kikachomoza mbele. Mkojo wake ulitoka na chembechembe kama mchanga. Kufikia mwaka 1926 alikuwa amepungua urefu kwa sentimita 18 hivi.

Mwaka huo Daktari Eugene DuBois, wa Hospitali ya Bellevue jijini New York, alibaini kuwa kalsiamu katika damu ya Martell ilikuwa nyingi kupita kiasi. Kalsiamu ni madini yanayoimarisha mifupa. Kiwango chake katika damu husimamiwa na tezi nne ndogo za shingoni, ziitwazo parathairoidi, kila moja kama punje ya mchele. Tezi moja ikiota uvimbe na kutoa homoni nyingi mno, kalsiamu hutolewa kwenye mifupa na kumwagwa katika damu. Mifupa hudhoofika, na figo hupata mawe.

Martell alipelekwa Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston. Alipasuliwa shingo, uvimbe haukuonekana. Akapasuliwa tena na tena, katika kipindi cha miaka sita. Upasuaji sita ukapita bila mafanikio.

Nahodha hakukata tamaa. Aliingia maktaba, akasoma vitabu vya maumbile ya mwili. Akajifunza kuwa tezi hizi, mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama, zinaweza kushuka hadi kifuani. Akawasihi madaktari watafute huko.

Mwezi Novemba 1932, katika upasuaji wa saba, Edward Churchill na Oliver Cope walifungua kifua chake. Uvimbe ulikuwepo, wenye ukubwa wa sentimita 3 hivi.

Kwa bahati mbaya, figo zake zilikuwa zimeshaharibika. Wiki sita hivi baadaye, wakati madaktari wakishughulikia jiwe la figo, Martell alifariki. Lakini wapasuaji waliokuja baadaye walijua kwamba wakiukosa uvimbe shingoni, watafute na kifuani.

Siku hizi kalsiamu na homoni yenyewe hupimwa kwa damu, na picha husaidia kuonyesha uvimbe ulipo kabla ya upasuaji. Hata hivyo, kipimo lazima kwanza kifikiriwe, na hapo mgonjwa ana nafasi yake.

Andika katika daftari dalili zako na tarehe zilipoanza. Tunza majibu ya vipimo na picha za eksirei, uende nazo kila unapotibiwa. Muulize daktari ni magonjwa gani ameshayaondoa katika orodha, na yapi yamebaki. Kama una mawe ya figo yanayojirudia, au mifupa inayovunjika kirahisi, uliza kama unapaswa kupimwa kalsiamu. Majibu yasipopatikana, omba barua ya rufaa: kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, hadi Muhimbili ikibidi.

Ukiona aibu kuuliza, nenda na ndugu. Mmoja asikilize, mwingine aandike.