Beethoven: jioni ya baridi na jioni ya vitambaa

Mtu akirudi kutoka konsere, wenzake humwuliza kwanza: ilikuwaje? Naye hujibu upesi, nzuri sana au mbaya sana, kisha ataeleza sababu: sauti ilikatika, mwimbaji alichelewa, watu walijaa mpaka mlangoni. Konsere za Ludwig van Beethoven nazo zilisimuliwa hivyo na watu waliokuwapo. Kutoka nyingine walitoka wakitetemeka kwa baridi, kutoka nyingine wakifuta machozi. Tukiyafuata maisha yake konsere kwa konsere, tunakutana na jambo linalotuhusu sisi tunaosoma lugha na fasihi: kazi iliyoandikwa ni kitu kimoja, na jioni ambayo kazi hiyo inasikiwa ni kitu kingine.

Beethoven alibatizwa Bonn, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhein, tarehe 17 Desemba 1770. Babu yake, ambaye jina lake alirithi, alikuwa mkuu wa muziki katika nyumba ya mtawala wa huko. Baba yake, Johann, alikuwa mwimbaji katika nyumba ile ile, lakini pombe ilimshinda. Johann alikuwa amesikia habari za Mozart, mtoto aliyezungushwa Ulaya nzima kama ajabu, akataka naye awe na mtoto wa namna hiyo. Tarehe 26 Machi 1778 alimpeleka mwanawe Köln kupiga mbele ya watu. Tangazo lilisema mtoto ana miaka sita, hali alikuwa amekwisha kutimiza saba. Hivyo konsere ya kwanza ya maisha yake ilianza na uwongo mdogo wa mzazi.

Mama yake alifariki mwaka 1787. Miaka miwili baadaye kijana huyo aliomba nusu ya mshahara wa baba yake apewe yeye, ili awatunze wadogo zake wawili. Akakubaliwa. Akiwa na miaka kumi na minane alikuwa tayari ndiye mkubwa wa nyumba.

Mnamo Novemba 1792 alihamia Vienna, akajifunza kwa Joseph Haydn. Mji ule ulikuwa na wapiga piano wengi, lakini yeye aliwashinda kwa kipaji kimoja: alipewa wimbo mfupi, akakaa mbele ya piano, akaujenga papo kwa papo mpaka wasikilizaji wakashindwa kuzuia machozi. Tarehe 29 Machi 1795 alipiga kwa mara ya kwanza mbele ya umma wa Vienna. Tarehe 2 Aprili 1800 alifanya konsere ya faida yake mwenyewe, na hapo Simfonia ya Kwanza ilisikiwa.

Wakati huo huo alikuwa na siri. Tangu karibu mwaka 1798 masikio yake yalianza kuvuma mchana na usiku. Mwaka 1801 aliwaandikia rafiki wachache kwamba anakwepa mikutano ya watu, kwa sababu mwanamuziki hawezi kuwaambia watu kuwa hasikii. Mnamo Oktoba 1802, akiwa katika kijiji cha Heiligenstadt, aliwaandikia ndugu zake barua ndefu ya huzuni, akieleza kwamba alikuwa karibu kujiua na kwamba ni muziki peke yake uliomzuia. Hakuituma. Ilionekana katika karatasi zake alipokwisha kufa.

Ili tuelewe konsere zake, inafaa tujue zilivyotengenezwa. Mtunzi hakuwa na kampuni ya kumwandalia. Aliomba ukumbi, akatafuta wapigaji, akalipa taa na wanakili wa noti, akauza tiketi. Kumbi nzuri zilikuwa za tamthilia na opera, kwa hiyo mtunzi alizipata hasa siku ambazo michezo ilisimamishwa kwa ajili ya dini, kama wiki za Kwaresima na siku za kabla ya Noeli. Ndiyo maana jioni iliyo mbaya kupita zote ilikuja katikati ya majira ya baridi.

Jioni hiyo ni ya tarehe 22 Desemba 1808, katika ukumbi wa Theater an der Wien. Beethoven alikuwa amengoja ukumbi huo kwa muda mrefu, na alipoupata alitaka kutoa vyote alivyokuwa navyo. Programu ilikuwa na Simfonia ya Sita, wimbo wa mwanamke mmoja na orkestra, sehemu mbili za Misa yake, Konserto ya Nne ya piano, Simfonia ya Tano, kupiga piano papo kwa papo, na mwishoni Fantasia ya piano, kwaya na orkestra. Ilianza saa kumi na mbili na nusu jioni, ikaisha saa nne na nusu usiku. Saa nne nzima, katika jumba lisilo na moto.

Baridi haikuwa shida pekee. Jioni ile ile kulikuwa na konsere nyingine mjini, ya kusaidia wajane na yatima wa wanamuziki, nayo ilikuwa imechukua wapigaji wengi wazuri. Beethoven mwenyewe alikuwa amegombana na orkestra, hata inasimuliwa kwamba wapigaji walikataa kufanya mazoezi kama yeye yumo ukumbini. Mwimbaji mashuhuri aliyetakiwa alikuwa amekasirishwa naye, akajiondoa. Badala yake aliletwa msichana asiye na uzoefu, naye aliingiwa na woga mbele ya watu, sauti ikatetemeka. Fantasia ilikuwa imemalizwa kwa haraka, wino haujakauka vizuri. Katikati yake wapigaji wengine walirudia sehemu na wengine wakaendelea mbele. Beethoven aliyekuwa kwenye piano aliwasimamisha kwa sauti kubwa, akawaamuru waanze tena, umma mzima ukitazama. Wapigaji waliona wameaibishwa, naye, kama wanavyosimulia waliomjua, aliwaomba radhi baadaye.

Katika chumba cha juu cha mtukufu Lobkowitz alikaa mgeni mmoja, Johann Friedrich Reichardt, aliyekuwa mtunzi na mwandishi. Alitamani kuondoka mapema, lakini mwenyeji wake hakuinuka, na adabu ikamzuia. Baadaye aliandika kwamba jioni ile alijifunza kuwa hata chakula kitamu kikizidi kinachosha. Hatuwezi kumlaumu. Lakini tutazame alichosikia akiwa anatetemeka: katika jioni hiyo moja umma ulisikia kwa mara ya kwanza Simfonia ya Tano na ya Sita na Konserto ya Nne. Ilikuwa pia mara ya mwisho kwa Beethoven kupiga konserto yake kwa piano mbele ya umma. Noti zile nne za mwanzo wa Simfonia ya Tano, ambazo leo zinatambuliwa hata na mtu asiyejua jina la mtunzi, zilipigiwa watu waliokuwa wanafikiri juu ya makoti yao.

Miaka mitano baadaye mambo yaligeuka. Tarehe 8 Desemba 1813 konsere ilifanyika katika ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Vienna, kuwasaidia askari waliojeruhiwa vitani. Simfonia ya Saba ilisikiwa kwa mara ya kwanza, na watu wakadai sehemu yake ya pili irudiwe. Lakini kilichowapandisha wazimu zaidi ni kipande cha kusifu ushindi wa Wellington, chenye ngoma kubwa za kuiga mizinga na majeshi mawili yanayokaribiana. Antonio Salieri mwenyewe, mzee wa muziki wa mji, alisaidia kuwaongoza wapiga mizinga hiyo. Ilikuwa jioni ya furaha tupu, na umaarufu wa Beethoven haukuwahi kufika juu namna hiyo. Leo Simfonia ya Saba inapigwa kila mahali, na kile kipande cha mizinga hakipigwi sana, na wengi wanakihesabu kati ya kazi zake hafifu.

Masikio yaliendelea kufunga. Mwaka 1814 alipiga piano hadharani karibu kwa mara ya mwisho. Mwanamuziki Louis Spohr alimsikia katika mazoezi, akasikitika: penye nguvu aligonga mpaka nyaya zikalia vibaya, penye upole aligusa kidogo mno hata noti zikapotea. Mpigaji mwenyewe alisikia yote vizuri, kichwani mwake.

Kuanzia mwaka 1818 wageni wake walizungumza naye kwa kuandika. Alikuwa na madaftari. Mgeni aliandika swali au habari, naye mara nyingi alijibu kwa mdomo. Zaidi ya mia moja ya madaftari hayo yamehifadhiwa. Kwa mwanafunzi wa lugha ni maandishi ya ajabu: mazungumzo ambayo tunasoma upande mmoja tu. Tunajua aliulizwa nini juu ya samaki, nyumba, mpwa wake, tiketi na waimbaji, lakini majibu yake mengi yalipotelea hewani pamoja na sauti yake. Mtu ambaye muziki wake umebaki, maneno yake ya kila siku yamebaki nusu.

Mwanzoni mwa 1824 alifikiri kuupeleka muziki wake mpya Berlin. Wapenzi wa muziki wa Vienna walimwandikia barua ya pamoja wakimsihi asiwafanyie hivyo. Akakubali. Tarehe 7 Mei 1824, katika ukumbi wa Kärntnertor, alitoa sehemu tatu za Misa yake kuu na Simfonia ya Tisa, ambayo katika sehemu yake ya mwisho orkestra inaingiliwa na kwaya na waimbaji wanne wakiimba shairi la Friedrich Schiller juu ya furaha. Mazoezi ya pamoja yalikuwa mawili tu. Waimbaji walilalamika kwamba noti za juu zinawaua, naye hakubadilisha hata moja. Kiongozi wa kweli alikuwa Michael Umlauf, aliyewaagiza wapigaji wamtazame yeye na wasimfuate Beethoven. Mtunzi alisimama karibu, akigeuza kurasa na kutupa mikono kwa mwendo ambao yeye peke yake aliusikia.

Waliokuwapo hawakubaliani kama ilikuwa baada ya sehemu ya pili au mwisho kabisa, lakini kisa wanakisimulia wote: umma ulipiga makofi na kelele, na Beethoven alibaki akitazama orkestra, mgongo kwa watu. Mwimbaji Caroline Unger, msichana wa miaka ishirini, alimshika akamgeuza taratibu. Ndipo alipoona. Watu nao wakaelewa kwamba makofi hayamfikii, wakainua kofia na kupunga vitambaa hewani, ili shukrani yao ipite machoni.

Kama tungeishia hapo, tungesema hii ndiyo konsere njema kupita zote. Lakini usiku ule ule alipoonyeshwa hesabu, aliona kwamba baada ya kulipa ukumbi na wanakili, kilichobaki kati ya florini elfu mbili na zaidi ni karibu mia nne tu. Alikasirika, akawashuku hata marafiki waliomsaidia. Kisha tarehe 23 Mei, siku kumi na sita baadaye, Simfonia ile ile ilirudiwa katika ukumbi mwingine, saa ya mchana. Ilikuwa Jumapili yenye jua zuri, watu wakaenda kutembea. Ukumbi ulibaki karibu nusu mtupu, na konsere ikaleta hasara. Noti zilikuwa zile zile, mji ule ule, mtunzi yule yule. Kilichobadilika ni hali ya hewa na saa.

Beethoven alifariki Vienna tarehe 26 Machi 1827, siku ile ile ya mwaka ambayo baba yake alimpandisha jukwaani Köln, miaka arobaini na tisa kabla. Alizikwa tarehe 29 Machi, siku ya mwaka ambayo Vienna ilimsikia kwa mara ya kwanza. Maelfu walifuata jeneza, na Franz Schubert alikuwa kati ya waliobeba mienge.

Simfonia ya Tisa imefika hata kwetu. Orkestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilijitayarisha kuipiga, na filamu ya mwaka 2010 inaonyesha kazi hiyo: watu wanaotoka sokoni na kazini, vyombo vingine vimetengenezwa kwa mikono, umeme unakatika, na kwaya inajifunza kutamka Kijerumani silabi kwa silabi. Mwenye kupita njiani angesema ni mazoezi mabaya. Reichardt naye alikuwa na haki ya kusema baridi ilimshinda.

Tukiulizwa basi konsere ilikuwaje, tujibu kwa ukweli: ukumbi ulikuwa baridi, mwimbaji alitetemeka, wapigaji walipotea. Hayo ni ya jioni, na jioni ile ni haki yetu kuihukumu. Lakini tusiifunge kazi pamoja na mlango wa ukumbi. Inafaa kukumbuka hilo hata hapa kwenye fakulte, mwenzetu anaposoma shairi lake kwa sauti inayotetemeka, na sisi tunatazama saa.