Munganga Ringer na Maji ya Robine

Hapa kwetu Kolwezi jina Ringer tunaliona kwenye chupa ya serumu hospitalini. Sydney Ringer alikuwa munganga wa London, akafa mwaka 1910. Mwaka 1882 aliandika kwamba moyo wa chura, uliotolewa mwilini, unaendelea kupiga katika maji ya chumvi. Kumbe maji yale yalichotwa kwenye robine, yana kalsiamu! Kwa maji ya mvuke moyo ulisimama upesi. Mwaka 1883 hakuficha, akachapisha kosa lake mwenyewe. Ndipo tukajua: bila kalsiamu moyo haupigi. Lakini leo waganga wanajua tena, damu ikirudi katika moyo ulioumia, kalsiamu ikizidi ndani ya mitokondria, chembe zinakufa. Basi, tukikosea kwenye labo, tusifute daftari. Tuandike kosa.