Msiri: mutajiri wa Bunkeya
Ngelengwa, ndiye Msiri, alikuwa mutoto wa Kalasa, muchuuzi wa shaba kutoka Unyamwezi. Alivuka Luapula kutafuta biashara. Kisha kupata bunduki, akakamata inchi za Kazembe za magharibi, akakuwa Mwami wa Garenganze. Shaba, chumvi, pembe, hata watu, aliviuzisha mpaka Angola na pwani ya Mashariki. Bunduki na baruti ndizo zilirudi. Vichwa vya maadui vilichomekwa kwenye miti ya uzio wa Bunkeya, ni kujionyesha tu. Basanga walichoka, wakamuasi. Tarehe 20 Desemba 1891, Kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliofanya kazi ya Leopold II, alimupiga risasi. Yeye pia aliuawa. Mutoto wake Mukanda-Bantu akarizi kiti, chini ya bendera ya Leopold.