Oscar Troplowitz: Mfamasia aliyeyapatanisha maji na mafuta

Wajasiriamali wengi wa Mbeya na Iringa wanaotengeneza losheni kwa mafuta ya parachichi au alizeti wanalijua tatizo hili: baada ya siku chache mafuta huelea juu, maji hubaki chini, na mteja harudi tena. Mjerumani mmoja alijenga jina kubwa kwa kulitatua.

Oscar Troplowitz alizaliwa mwaka 1863 mjini Gleiwitz, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea ufamasia, na mwaka 1890 akanunua biashara ndogo ya dawa ya Paul Beiersdorf mjini Hamburg. Hakuanza na mafuta ya kujipaka. Aliuza plasta na dawa ya meno.

Krimu za wakati huo, zilizotengenezwa kwa mafuta ya wanyama au mimea, zilichacha upesi. Mkemia Isaac Lifschütz alikuwa amepata kutoka mafuta ya sufu ya kondoo kitu alichokiita Eucerit. Hicho ni emalsifaya, yaani kiunganishi kinachoyafanya maji na mafuta yakae pamoja bila kutengana. Daktari wa ngozi Paul Unna alimwonyesha Troplowitz thamani yake. Desemba 1911, wakati nyanda zetu hizi zikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, krimu ya Nivea iliingia sokoni. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya theluji, kwa weupe wake.

Troplowitz hakugundua kiunganishi hicho. Kazi yake ilikuwa kukichagua na kukipeleka sokoni. Pia aliwajali wafanyakazi: mwaka 1912 alipunguza kazi hadi saa 48 kwa wiki bila kukata mshahara. Alifariki mwaka 1918, kabla kopo la krimu hiyo halijapakwa rangi ya buluu mwaka 1925.

Mjasiriamali wa leo ajifunze nini? Kwanza, kiunganishi huchaguliwa kwa kazi yake. Aina ya Eucerit huyafungia maji ndani ya mafuta, hivyo hufaa ngozi inayopasuka kwa baridi ya Juni hadi Agosti. Kwa kondishena ya nywele, tafuta kiunganishi chenye chaji chanya, kama kile kinachouzwa kwa jina la BTMS. Nywele zilizolowa zina chaji hasi, hivyo hukivuta, nazo huwa laini na kuchanika kwa urahisi. Usikichanganye na sabuni, kwani huharibiana.

Pili, nta ya nyuki peke yake huongeza uzito tu. Haiunganishi maji na mafuta. Tatu, tumia mizani, si kijiko. Kwa gramu 100 za kondishena, gramu 3 hadi 6 za BTMS hutosha. Pasha maji na mafuta kila kimoja kwenye chombo chake hadi nyuzi 70 hivi, ndipo uchanganye. Mchanganyiko ukipoa, weka kihifadhi, kwa sababu penye maji vijidudu huzaliana.

Kabla ya kuuza, fika TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi. Gramu chache za kiunganishi sahihi ni gharama ndogo kuliko ndoo nzima ya losheni iliyotupwa.