Mfalme Lobengula na Hati ya Madini

Vitabu vingi humtaja Mfalme Lobengula kwa upesi tu, kama mfalme aliyeshindwa vitani. Walakini kabla ya vita hivyo alishindana na karatasi moja, na shindano hilo ndilo lifaalo kusimuliwa.

Baba yake alikuwa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele. Lobengula akatawazwa mwaka 1870, na mji wake ulikuwa Bulawayo, katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe. Watafuta dhahabu walimjia mara kwa mara wakiomba ruhusa ya kuchimba, naye aliwakawiza.

Mwaka 1888 Cecil Rhodes, tajiri wa almasi za Kimberley, alituma watu watatu, mkubwa wao Charles Rudd. Tarehe 30 Oktoba mfalme akatia alama yake katika hati yao. Aliahidiwa bunduki 1,000, risasi 100,000 na paundi 100 kila mwezi. Yeye hakujua kusoma. Aliambiwa kwa mdomo ya kuwa hawatakuja kuchimba Wazungu zaidi ya kumi, nao watatii sheria za nchi. Neno hilo halikuandikwa. Kilichoandikwa ni kwamba madini yote ya ufalme ni yao, pamoja na uwezo wa kufanya lolote waonalo lazima ili kuyapata.

Alipofahamu, hakunyamaza. Alitangaza gazetini ya kuwa hati imesimamishwa, akakataa kuzipokea bunduki, akatuma wazee wawili Uingereza kwa Malkia Victoria. Malkia akawapokea vema, ikaletwa barua ya kumwonya mfalme asimpe mgeni mmoja kila kitu. Barua nzuri kweli! Lakini Oktoba 1889 Malkia huyo huyo aliipa kampuni ya Rhodes idhini ya kutawala. Mwaka huo pia mzee Lotshe, aliyeshauri hati ikubaliwe, aliuawa kwa amri ya mfalme pamoja na jamaa zake. Tendo hilo hatuwezi kulisifu.

Mwaka 1890 wakaja, si kumi bali mamia, wakapita mpaka nchi ya Washona, ambao hakuna aliyewauliza. Vijana wa Lobengula walitaka kupigana, naye akawazuia. Vita vikaja mwaka 1893. Bunduki za Maxim zikawaua Wandebele wengi, Bulawayo ikateketezwa, na mfalme akakimbilia kaskazini, akafa mwanzoni mwa 1894.

Kila askari wa kujitolea wa kampuni alikuwa ameahidiwa shamba la ekari zipatazo 6,000 na viwanja 20 vya dhahabu. Dhahabu ilipatikana haba kuliko walivyotumaini, wakashika mashamba. Wandebele wakatengewa Gwaai na Shangani, nchi kame.