Mjane Clicquot wa Reims

Wengi tunaona jina Veuve Clicquot kwenye chupa za champagne, lakini hatuulizake ule mjane alikuwa nani. Barbe-Nicole Ponsardin alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka wa 1777. Bwana yake François alikufa 1805, akamuachia binti mmoja na kompani ya divai ya jamaa. Siku zile sheria ilikataza mwanamke wa ndoa kufanya biashara bila ruhusa ya bwana, mjane, hapana. Njo akashika kazi, na miaka 27 tu.

Chachu ilikuwa inabakia ndani ya chupa, divai inakuwa na ukungu. Kwa mwaka wa 1816, yeye na watumishi wake wakatoboa matundu kwenye meza, wakapanga chupa vichwa chini. Mtumishi alizigeuza kidogo-kidogo, siku na siku, mpaka uchafu wote ukateremka kwenye kizibo, ukatolewa. Kazi ya mikono, chini ya udongo, na chupa zilikuwaka zinapasuka: sisi wa sendika ya mine tunaielewa muzuri. Majina ya wale wageuzaji hayako kwenye chupa.

Alikufa 1866. Biashara haikubakia kwa watu wa damu yake. Aliiachia Édouard Werlé, mwenye aliingia mule kama mtumishi 1821.